Anayelima Shamba la Kukodi Atasaini Wapi?

Kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Mji wa Ifakara. Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Na Wizara ya Nishati.

YAH: KUKODISHA MASHAMBA YA MPUNGA KWA MITAMBO YA UMEME WA JUA



Naandika kutoka Lipangalala, na naandika mapema makusudi, kabla mkataba wowote haujafika mezani kwenu. Bonde letu si geni kwa umeme. Mtambo wa maji wa Kidatu ulianza mwaka 1975 na una megawati 204; maji ya Kihansi yanatoa 180. Sasa na jua limeingia kwenye hesabu za taifa: kule Kishapu, Shinyanga, TANESCO imeanza na megawati 50 kati ya 150. Hilo nalipongeza kwa moyo wote. Ila megawati moja ya jua inataka kama ekari tano, tena tambarare, pasipo kivuli, karibu na njia kubwa ya umeme. Hapa kwetu, mahali pa namna hiyo ni shamba la mpunga.

Mwenye hati simhofii sana. Atakaa na kampuni, watapatana, atasaini. Ninayemhofia ni anayekodi. Mama yangu alikodi ekari mbili miaka mingi, kwa makubaliano ya mdomo: fedha kidogo kabla ya mvua, magunia baada ya kuvuna. Mpunga ukianza kutoa masuke tulihamia dunguni, tukaamia ndege toka alfajiri, tukivuta kamba za makopo mpaka viganja vikaota sugu. Mpunga wa SARO 5 wa shamba lile ndio ulionilipia ada. Jina la mama halikuandikwa popote. Mwaka mwenye shamba alipompa mtu mwingine, sisi tulipata habari tukiwa tumeshafyeka.

Na ule ulikuwa msimu mmoja tu. Mkataba wa jua ni wa miaka ishirini na zaidi. Kodi itaingia kwa mtu mmoja, na kaya zilizokuwa zikigawana shamba lake zitaondoka bila hata barua.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji usikilizwe kabla ardhi ya kijiji haijahamishwa. Sisi wa mitaa ya mjini hatuna kinga hiyo. Na kuchelewa kusikilizwa kuna hasara yake: Kenya, mwaka 2021, mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana zilipatikana kinyume cha utaratibu. Wakati huo mitambo ilikuwa imeshaanza kuzunguka.

Ninachoomba ni hiki. Kabla ya kibali, afisa ardhi na mtendaji wa kata waende shambani wakati wa kupanda, wamwandike kila wanayemkuta na jembe. Fidia ya anayekodi ilipwe mkononi mwake, naye apewe taarifa msimu mzima kabla. Mabonde yanayoshika maji yaachiwe mpunga. Paneli ziende kwenye miinuko na juu ya mapaa ya mashine za kukoboa. Na fedha za kung'olea nguzo za paneli ziwekwe benki siku ileile ya kusaini, kwa sababu zege halitoki kwa jembe.

Watu wameshaanza kulipia mashamba ya msimu ujao. Tunaomba jibu kabla hawajaingia kulima.

Wenu,
Mtoto wa mkulima, Lipangalala