Walio Kitabuni na Walio Langoni

Barazani petu husemwa kwamba meneja mwema ni yule asiyechelewesha mshahara. Mimi niliyekuwa karani katika Eneo la Viwanda Thika naiona sifa hiyo ndogo mno.

Tutazame viatu vyetu. Kabla ya kiwanda cha Bata cha Limuru kujulikana na kila mtoto wa shule, makao ya kampuni hiyo yalikuwa Zlín, Chekoslovakia. Jeshi la Hitler liliingia huko Machi 1939, na Mayahudi wote wakawa hatarini. Mkuu wa hospitali ya kampuni, Dakta Bohuslav Albert, aliwaita nyumbani kwake madaktari wake wa Kiyahudi, na kampuni ikawapa uhamisho wa kikazi kwenda matawi ya ng'ambo, wengine Singapore, wengine Kenya hii hii yetu. Barua ya uhamisho, karatasi ambayo sisi makarani huipiga chapa bila kufikiri, ikawa ndiyo roho ya mtu.

Mmoja wao, Dakta Eugen Sträussler, alipelekwa Singapore pamoja na mkewe na wana wawili. Yeye alikufa mwaka 1942 Wajapani walipouteka mji ule, lakini mwanawe mdogo alilelewa Uingereza akawa mwandishi mashuhuri wa tamthilia, Tom Stoppard.

Nawasifu waliotenda hayo. Hata hivyo, babu na bibi zake Stoppard, wote wanne, waliangamia mikononi mwa Wanazi. Majina yao hayakuwa katika daftari la mshahara. Najua nitaambiwa kwamba kampuni si serikali, haiwezi kuokoa ulimwengu. Ni kweli, ila maneno hayo humfaa sana mwenye kufunga mlango. Najashi wa Habasha hakuwa mwajiri wa Masahaba waliomkimbilia. Wajumbe wa Makureshi walimletea zawadi ili awatoe, akazirudisha.

Nasema haya kwa sababu nami niliwahi kushika daftari. Januari 2008, baada ya uchaguzi ule, wafanyakazi waliotoka magharibi ya nchi waliogopa kurudi vyumbani mwao. Meneja wetu, bila kuulizwa na mtu, alifungua ghala la magunia, akaweka walinzi, na watu wakalala humo siku tisa. Kupika walipika uani. Mungu amlipe, maana angeweza kabisa kusema hayamhusu.

Lakini amri ilikuwa moja: aliye kitabuni aingie. Na kila aijuaye Thika anajua kwamba nusu ya jasho la viwanda ni la vibarua, wanaosimama langoni alfajiri wakingoja kuonyeshwa kidole, jioni wakalipwa mkononi. Hao kitabu chetu hakikuwa na habari nao, hata waliotufanyia kazi miaka mitatu. Basi rai yangu ni kwamba kila kiwanda kiandike jina la kibarua siku ile ile anapoingia, na kumhesabu kuwa wake, kabla ya balaa kuja.

Kijana mmoja, mpakizi hodari, aliniita jioni ile kupitia vyuma vya lango. "Bwana karani, niandike leo, mshahara sitaki." Kalamu nilikuwa nayo, na kitabu nilikuwa nimekikumbatia kifuani. Nilimwambia asubiri nimuulize meneja. Niliporudi na ruhusa, langoni hapakuwa na mtu.