Mkweche wa nani, gari la kale la nani?

Lugha yetu haina haya. Gari lenye umri wa miaka hamsini likiwa mikononi mwa mkulima wa Githongo huitwa mkweche. Likiwa katika gereji ya mkwasi mtaani Karen, huitwa gari la kale, na wageni huombwa wasiliguse. Nikiwa mwanaisimu nimeyapima maneno haya mawili, wala sijaona kwamba yanatofautisha chuma na chuma. Yanatofautisha mwenye mali na asiye nayo.

Hapa Githongo yuko mwalimu mkuu mstaafu mwenye pikapu ya Peugeot 404. Imebeba kahawa, majani ya chai, maharusi na hata maiti. Injini yake ya kwanza ilipochoka, mafundi wa juakali waliipachika ya Toyota. Alipoomba kujiunga na chama kimoja cha wapenzi wa magari ya kale, ambacho sitakitaja, alijibiwa kwa adabu: "Mzee, gari lako limepoteza uasilia." Nasikia uamuzi huo uliwagawa wanachama wenyewe. Waliozoea kuyaendesha magari yao barabarani walimtetea. Wanaoyapeleka maonyeshoni juu ya lori wakashikilia kanuni. Ndivyo vyama vya namna hii vinavyomeguka. Kwanza hutakiwa gari la kiwanda fulani tu, kisha lenye rangi yake ya kiwandani, kisha lenye skrubu zake za kiwandani, mpaka wanabaki watu watano wanaochunguliana chini ya boneti.

Kigezo hicho hakikubuniwa Nairobi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri usiopungua miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na likiwa halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Sharti hilo la mwisho ndilo linalonikera. Mwenye magari matatu aweza kulipumzisha moja. Kwetu sisi, kulipumzisha gari zima ni anasa. Basi pikapu ya mwalimu ina hatia mbili: imetengenezwa, na ingali inafanya kazi.

Hapo pana kinaya kikubwa. Peugeot 404 haikujipatia jina katika nchi hii kwa kufutwa vumbi. Ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, tena katika matope na mashimo. Na mwaka 1965, mshindi alikuwa Joginder Singh, fundi wa magari mzaliwa wa Kericho, akisaidiwa na nduguye Jaswant, ndani ya Volvo iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Sijui kama fahari yetu ile ingepita mbele ya kamati ya uasilia.

Sisemi kwamba wapenzi wote wa magari wana roho hiyo. Maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa mwaka 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, yamezikaribisha aina nyingine nyingi za magari, na hata pikipiki. Wala sipingi mtu kulihifadhi gari kama lilivyotoka kiwandani. Yafaa yawepo ya namna hiyo. Ninalopinga ni kulifanya hilo kuwa historia peke yake. Neno gari lenyewe tulilipata Bara Hindi, injini tukaipata kwa Waingereza, na yote mawili leo ni Kiswahili.

Isitoshe, kuna hasara isiyoonekana. Fundi aliyeioanisha injini ya Kijapani na giaboksi ya Kifaransa, bila kitabu wala mchoro, ana elimu ambayo haijaandikwa popote. Mafundi hao wanazeeka. Wanafunzi wa vyuo vyetu vya ufundi wangefaidika kuwasikiliza, lakini chama kinachoifukuza kazi ya mikono yao hakiwezi kuwaalika wenyewe. Ningependa fomu za kujiunga na vyama hivi, pamoja na kudai nambari ya chesisi na mwaka wa kuundwa, ziulize pia: gari hili limefanya kazi gani, na ni nani waliolitengeneza?