UCHAMBUZI: Mikataba ya wanariadha wa vyuo Marekani ituze ushindi, isiadhibu jeraha

KWA zaidi ya nusu karne, vijana wa Bonde la Ufa wamekuwa wakiabiri ndege kuelekea vyuo vikuu vya Marekani kwa ahadi moja: kimbia, nasi tutakusomesha. Karo, malazi, chakula na vitabu vililipwa na chuo. Kijana alilipa kwa miguu yake.

Ahadi hiyo sasa imebadilika sura. Tangu Julai 1, 2025, vyuo vya daraja la kwanza vilivyojiunga na mpango mpya vinaruhusiwa kuwalipa wanariadha wao pesa taslimu moja kwa moja. Katika mwaka wa kwanza, kila chuo kiliruhusiwa kutumia hadi dola milioni 20.5 (takriban Sh2.6 bilioni). Idhini hiyo ilitokana na makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, ambayo Jaji Claudia Wilken wa mahakama ya California aliyapitisha Juni 6, 2025. Makubaliano hayo pia yalitenga takriban dola bilioni 2.8 (zaidi ya Sh360 bilioni) za kuwafidia, kwa muda wa miaka 10, wanariadha walioshiriki michezo ya vyuo tangu 2016.

Pesa zilipoingia, swali halikukawia. Je, mwanariadha alipwe kwa kuwa amesajiliwa tu, au alipwe kwa kadiri ya matokeo yake uwanjani?

Wanaotaka matokeo yawe kigezo wana hoja yenye mashiko. Iwapo kijana wa miaka 19 atatia saini mkataba wa mamilioni kisha azembee mazoezini, au ahamie chuo pinzani baada ya msimu mmoja, chuo kitakuwa kimefaidika nini? Hata hivyo, wanaotoa hoja hiyo hunena kana kwamba matokeo ni kigezo kigeni katika michezo ya vyuo. Ukweli ni kwamba matokeo yamekuwemo humo miaka yote. Yalitumiwa kumnyang'anya mwanariadha alichopewa, hayakutumiwa kumwongezea.

Ili kulielewa hilo, sharti kurejea miaka ya hamsini. Mwaka 1955 mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, Ray Dennison, alifariki baada ya kuumia kichwani akiichezea timu ya chuo cha Fort Lewis A&M, Colorado. Mjane wake aliomba fidia ambayo hulipwa familia ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilimkatalia, ikashikilia kwamba chuo hakikuwa katika biashara ya kandanda. Ni katika kipindi hicho ambapo NCAA, chini ya mkurugenzi wake Walter Byers, ilieneza jina la 'mwanafunzi-mwanariadha', jina lililobuniwa mahsusi ili asije mtu akamwita mchezaji mfanyakazi. Byers mwenyewe, baada ya kustaafu, alichapisha kitabu mwaka 1995 akiukosoa vikali mfumo alioujenga kwa mikono yake.

Kisha ukaja mwaka 1973. NCAA ilifuta ufadhili wa miaka minne na kuweka ufadhili wa mwaka mmoja mmoja, ambao chuo kingeweza kuurefusha au kuukatiza. Tangu hapo kocha akawa na shoka mkononi. Aliyekimbia vyema alirudi darasani mwaka uliofuata. Aliyevunjika mguu, au ambaye kasi yake ilipungua, hakuwa na hakika. Vyuo havikuruhusiwa tena kutoa ufadhili wa zaidi ya mwaka mmoja hadi 2012. Na ni Agosti 2024 tu ambapo kanuni mpya ilivizuia vyuo vyote vya daraja la kwanza kupunguza au kufuta ufadhili kwa sababu za kimichezo, likiwemo jeraha.

Huo ulikuwa mkataba wa matokeo, ijapokuwa hapana aliyeuita hivyo.

Wakenya waliujua kwa karibu. Mwaka 1978 Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State mjini Pullman, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Ufanisi wa namna hiyo haujaonekana tena. Kanuni za uanariadha wa ridhaa za zama hizo hazikumruhusu kuuza hadharani ushindi wake wala jina lake. Miaka 10 baadaye, katika Olimpiki ya Seoul, nishani za dhahabu za mita 800 na mita 1,500 zilitwaliwa na Wakenya wawili waliokuwa wanafunzi Marekani: Paul Ereng wa Chuo Kikuu cha Virginia na Peter Rono wa Mount St. Mary's, Maryland. Vyuo vilijivunia majina yao. Vijana hao walibaki na shahada, jambo ambalo kwa hakika si dogo, na nishani zao.

Ukuta huo ulibomolewa tofali baada ya tofali. Mwaka 2015 NCAA iliruhusu wanariadha wa kigeni kupokea tuzo za nishani kutoka kwa kamati za Olimpiki za nchi zao. Hivyo muogeleaji Joseph Schooling wa Singapore, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, alipotwaa dhahabu Rio mwaka 2016, alitunukiwa takriban dola 740,000 na bado akaendelea kukiogelea chuo chake. Inafaa kulitilia maanani tukio hilo. Mwanafunzi alilipwa kwa matokeo, tena donge nono, na michezo ya vyuo haikuporomoka. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja, majaji tisa kwa sufuri, kwamba NCAA haikuwa na haki ya kuweka kikomo katika misaada ya kimasomo. Siku chache baadaye, Julai 1, wanafunzi wakaruhusiwa kuuza majina, picha na sura zao kwa makampuni ya biashara.

Hapa pana kitendawili. Malipo ya makampuni yalipigwa marufuku kufungamanishwa na ushindi, na hata malipo ya moja kwa moja ya vyuo yameandikwa kuwa ni ya matumizi ya jina na sura ya mchezaji. Kwa lugha ya karatasi, hakuna anayelipwa kwa kucheza. Lakini hakuna chuo kinachomwaga dola milioni kadhaa kwa sababu ya tabasamu la mtu. Kinachonunuliwa ni pasi na mabao, na kwa kuwa mkataba hauwezi kulitaja hilo waziwazi, mengi huachiwa ahadi za mdomo na tafsiri za mawakili.

Matokeo yake yameonekana. Septemba 2024 Matthew Sluka, aliyekuwa ameiongoza timu ya UNLV ya Las Vegas kushinda mechi zake tatu za kwanza, aliacha kucheza akidai hakulipwa dola 100,000 (takriban Sh13 milioni) alizoahidiwa. Chuo kilikana madai hayo. Juni 2025 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilikishtaki Chuo Kikuu cha Miami, kikidai kiliingilia mkataba wa mchezaji wake na kumshawishi ahame. Kesi kama hizo ni za waajiri na waajiriwa kwa kila hali isipokuwa jina. Wachezaji wa mpira wa vikapu wa Dartmouth walipojaribu kulipata jina hilo, wakapiga kura 13 kwa 2 kuunda chama cha wafanyakazi Machi 2024, ombi lao liliondolewa kabla ya mwaka kwisha. Bila chama, hapana anayeketi na vyuo kujadili mkataba wa haki uwe na vifungu gani.

Linganisha na makocha. Mikataba yao hujaa bonasi za ubingwa, lakini kushindwa hakuwaachi mikono mitupu. Novemba 2023 Texas A&M ilimfuta kazi kocha Jimbo Fisher, na mkataba ukaidai kumlipa zaidi ya dola milioni 75 (karibu Sh10 bilioni) ili aondoke. Ni kinaya kwamba katika uwanja uo huo, mtu mzima hulindwa dhidi ya kushindwa ilhali kijana anayegongwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha thamani yake kila Jumamosi.

Je, matokeo yanaweza kupimwa kwa haki? Katika kandanda ya Kimarekani ni vigumu. Mrushaji wa mpira hutegemea ukuta wa wenzake watano, na anayeamua nani aingie uwanjani ni kocha yule yule ambaye bajeti yake hupungua bonasi zikilipwa. Mkataba unaomlipa mchezaji kwa idadi ya mechi alizocheza humshawishi pia afiche maumivu, kwa mchezo ambao umeshajulikana unavyoharibu ubongo.

Riadha ni tofauti, angalau kwa mtazamo wa kwanza. Saa haina upendeleo. Juni 2025 mjini Eugene, Doris Lemngole wa Chuo Kikuu cha Alabama alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika tisa akiwakilisha chuo cha Marekani. Hapo hapahitajiki kamati ya kuamua kama alifanya vyema.

Lakini yeyote anayefuatilia mbio za vyuo anajua hatari iliyopo. Msimu huanza na mbio za nyika, ukafuatwa na mashindano ya ndani ya ukumbi majira ya baridi, kisha ya uwanjani hadi Juni. Katika mashindano ya ubingwa, mshindi huvunia timu yake pointi 10, wa pili nane, na wa nane pointi moja. Kocha mwenye njaa ya pointi humtuma mkimbiaji mmoja katika mbio mbili, na hata tatu, mwishoni mwa wiki moja. Weka bonasi kwa kila pointi, na kijana mwenye wazazi wanaosubiri pesa nyumbani hatakuwa na ujasiri wa kusema kwamba kano ya kisigino inamuuma.

Aidha, pesa zenyewe si nyingi upande huo. Katika vyuo vingi takriban robo tatu ya mgao huelekezwa kwa kandanda, na sehemu kubwa ya masalio kwa vikapu vya wanaume. Riadha hugombea makombo.

Mkenya ana kikwazo kingine kisichomhusu Mmarekani. Visa ya mwanafunzi hairuhusu kazi za nje ya chuo ila kwa masharti makali, na tangu 2021 mawakili wa uhamiaji wamekuwa wakiwatahadharisha wanariadha wa kigeni wasitie saini ovyo. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi aliyetajwa mchezaji bora wa vikapu vyuoni mwaka 2022 akiwa Kentucky, alilazimika kusubiri ziara ya timu yake visiwani Bahamas ndipo apigwe picha za matangazo nje ya ardhi ya Marekani. Mkimbiaji wa mbio za nyika hana ziara za namna hiyo. Na visa hiyo hutegemea kuendelea kusajiliwa chuoni. Kwa hivyo kijana wa Kapsabet anaweza kuzuiwa kupokea bonasi akishinda, ilhali akikosa ada kwa kuachwa na timu hupoteza haki ya kuishi nchini humo.

Ndiyo maana mkataba wa haki hauna budi kuwa na sakafu kabla ya kuwa na ngazi. Sakafu ni ufadhili hadi shahada, matibabu hata baada ya kuondoka chuoni, na malipo ya msingi yasiyopunguzwa kwa jeraha wala kwa kushuka kwa kasi. Juu ya hapo, bonasi ya rekodi au ubingwa wa kitaifa haina ubaya. Ni afadhali iandikwe peupe kuliko kunong'onwa. Kisichofaa ni bonasi ya idadi ya mbio au pointi, na kifungu chochote kinachomdai mchezaji arejeshe alicholipwa kwa kuwa hakushinda. Daktari anayeamua kama mwanariadha yuko tayari kushindana naye asiwe chini ya kocha.

Kwa upande wa Kenya, Riadha Kenya na Wizara ya Michezo hazina mamlaka juu ya NCAA. Hata hivyo, haziwezi kujitia hamnazo wakati vijana wanapotia saini nyaraka za kurasa nyingi kupitia maajenti, aghalabu wazazi wakiwa hawajazisoma. Wakili mmoja anayeielewa sheria ya uhamiaji ya Marekani angewafaa zaidi ya hafla kadhaa za kuwaaga kwenye uwanja wa ndege.

Haja hiyo inakaribia, haipungui. Juni 2025, katika kubana matumizi, Washington State, chuo kile kile cha Henry Rono, kilitangaza kufuta michezo ya kurusha na kuruka, na kupunguza mbio fupi, ili kiwekeze katika mbio za masafa marefu. Chuo kinachotaka mabingwa wa masafa marefu kwa gharama nafuu kinajua pa kuwatafuta.