Tuanze na Alifu katika Picha za Akili Unde

Leo kijana yeyote mwenye simu janja anaweza kuiagiza mashine imchoree picha kwa maneno matupu. Hatuna budi kulizungumza jambo hili waziwazi, na kulizungumza kwa ajili ya vijana wa vijijini kama Masakta, wilayani Hanang, wala si kwa ajili ya wakazi wa mijini peke yao. Picha za akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, zimekwisha kuingia katika matangazo ya biashara, kadi za harusi na mabango ya mikutano. Anayedhani kwamba huu ni mchezo wa watoto wa Dar es Salaam amekwisha kuchelewa.

Husemwa kwamba mashine hii inajua. Sisi tunasema haijui, bali imeoneshwa. Wataalamu huichukua picha yenye maelezo yake, wakaiharibu kidogo kidogo kwa chenga, kama zile za televisheni iliyopoteza mawimbi, kisha wakaifunza mashine kuziondoa chenga hizo hatua kwa hatua. Ikiisha kuhitimu, huanzia kwenye chenga tupu, na maneno ya mwagizaji ndiyo yanayoiongoza hadi picha ikatokeza. Mkusanyiko uitwao LAION-5B, uliotolewa mwaka 2022, una jozi za picha na maelezo zaidi ya bilioni 5, na takriban bilioni 2.3 kati ya hizo maelezo yake ni ya Kiingereza. Programu ya Stable Diffusion, iliyotolewa Agosti mwaka huo huo, ilifunzwa kwa sehemu ya mkusanyiko huo. Katika bahari hiyo, Mbarabaig na Mwiraqw wamepata matone mangapi?

Ndiyo maana kijana akiandika “mwanamke wa Kibarabaig” aghalabu huletewa Mmasai wa kadi za watalii. Asikasirike, wala asiipokee picha hiyo. Aeleze kinachoonekana kwa macho: sketi ya ngozi iliyotiwa shanga, bangili za shaba mkononi, uwanda mkavu kando ya Ziwa Balangida, Mlima Hanang kwa mbali. Mashine isiyolitambua jina la kabila inaitambua ngozi, inaitambua shaba. Kadhalika nyumba ya asili ya Kiiraqw: atamke kwamba imechimbwa katika mteremko na kuezekwa kwa udongo, vinginevyo ataletewa msonge wa nyasi usiojulikana ni wa wapi. Kumbe kazi hii inamtaka mtu aijue nchi yake kwanza, na hapo mzee asiyewahi kushika simu janja anakuwa mwalimu wa kijana.

Chuoni mtoto hapewi juzuu kabla hajaitambua alifu, na hapa pia mambo ni hayo hayo. Anayeanza aandike kwanza katika daftari picha anaitaka kwa kazi gani. Kisha atoe agizo fupi: nani, anafanya nini, yuko wapi. Picha ikija aitazame, halafu abadilishe jambo moja tu, labda mwanga uwe wa asubuhi, au mtazamo uwe wa karibu. Abadilishaye mambo matano kwa mkupuo hatajua lipi lililomsaidia na lipi lililomharibia. Programu nyingine humpa namba ya kuanzia. Akiishikilia ile ile, ataona wazi kila neno linafanya kazi gani. Mtindo na uwekwe mwishoni. Maandishi ya bango yasiachiwe mashine, maana mara nyingi huyavuruga. Yapachikwe baadaye kwa mkono. Na vidole vihesabiwe!

Kuhusu mtindo tuna neno. Vijana wengi huandika “mtindo wa Tingatinga” na kuridhika. Huyo alikuwa mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, na wanafunzi wa wanafunzi wake wangali wakila kwa brashi jijini Dar es Salaam. Kujifunza kwa kutazama kazi yao ni halali. Kuuza mwigo wa mashine kwa jina lao ni kuwanyang'anya riziki.

Yatasemwa mengi juu ya gharama za bando, na ni kweli. Lakini mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walisoma katika vikundi vilivyokuwa na redio, kijitabu na kiongozi. Hawakungoja kila mmoja awe na redio yake. Simu moja, daftari moja na vijana kumi chini ya mti wa shule vinatosha kuanzisha darasa kama hilo Masakta, na tunawaomba maofisa maendeleo ya kata walisimamie.

Darasa hilo lifundishe pia mipaka. Ng'ombe wa mnadani auzwe kwa picha yake mwenyewe. Mkulima anayetangaza maharage yake kwa picha ya mashine anamdanganya mnunuzi, hata kama maharage ni mazuri.

Lililo zito zaidi ni la mlima wetu. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Leo mtu aliyeketi mbali anaweza kutengeneza porojo ya maporomoko kwa dakika moja, na usiku wa mvua kubwa porojo hiyo ikawakimbiza wazazi na watoto gizani. Au, baada ya kudanganywa mara mbili, wananchi wakaipuuza picha ya kweli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayesambaza uongo kwa kusudi la kupotosha. Hata hivyo, sheria humfikia mkosaji baada ya madhara. Kwa hiyo tunataka picha halisi za Desemba 2023, zilizopigwa na watu waliokuwapo, zikusanywe na kuwekwa katika shule na ofisi za kata, kila moja ikiwa na tarehe na mahali ilipopigiwa, na kazi hiyo ianze kabla simu zilizozibeba hazijaharibika.