Kaseti ya mtoto wa watu

Leo tunaongea gemu. Wenye PlayStation 5 zenu tulieni kidogo, maana nawarudisha enzi za kaseti unayoipuliza kwa mdomo kama moto wa mkaa ndipo iwake.

Mnazikumbuka zile mashine tulizokuwa tukichomeka kwenye TV mzee akiwa kazini? Kaseti imeandikwa ina gemu mia na kitu, kumbe ni zilezile kumi zinajirudia! Basi zile zilikuwa kopi. Mama yao mzazi ni Famicom ya kampuni ya Nintendo, iliyotoka Japani tarehe 15 Julai 1983, nyekundu kwa nyeupe, bei yen 14,800. Mafundi wa Taiwan na China wakainakili mpaka meno ya kaseti, 60 kamili. Ndiyo maana mimi nilipotua Tokyo mwaka 2012, sijui kusema hata nipe maji, nikaingia duka moja pale Akihabara na kuiona Famicom kwenye kabati la kioo, nilihisi nimekutana na mtu wa mtaani kwetu.

Akihabara usipime, wangu. Ni mtaa wa vifaa vya umeme, majengo marefu yanawaka taa mchana kweupe. Kuna duka linaitwa Super Potato, unapanda ngazi nyembamba, gemu za zamani zimepangwa mpaka darini, na juu kabisa kuna mashine za kutumbukiza sarafu na peremende za watoto. Wateja wenyewe sasa! Wanaume wa miaka 40 na ushee, suti na tai, wanachagua kaseti kama mama anavyochagua nyanya sokoni.

Mimi nilikuwa nafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha vyakula vya boksi. Natoka asubuhi, nalala, naamka jioni sina wa kuongea naye. Kilichoniokoa ni gemu senta, kumbi za gemu za sarafu. Pale Street Fighter II, gemu la Capcom la mwaka 1991, bado lilikuwa na wenyewe. Wajapani hawakai bega kwa bega kama sisi. Mashine mbili zinapeana mgongo, adui yako yuko upande wa pili, humuoni sura. Unatumbukiza yen 100, unapigana, ukipigwa unatumbukiza nyingine. Hakuna matusi, hakuna kelele za "mtoe huyo". Usiku mmoja nilikula kichapo mara tisa mfululizo. Nikasimama kumchungulia huyo jini, nikakuta mzee mwenye mvi na mkoba wa ofisini. Akainamisha kichwa, nami nikainamisha. Basi, tukawa tumefahamiana! Ilikuwa ndiyo salamu yangu ya kwanza ya maana wiki nzima.

Hizo kumbi zimepukutika sana. Kisa kimojawapo ni hiyohiyo sarafu. Tangu Space Invaders ya mwaka 1978 watu wamezoea mchezo mmoja ni yen 100. Kodi ya mauzo ikapanda kutoka asilimia 5 hadi 8 mwaka 2014, kisha 10 mwaka 2019, lakini mashine haijui kudai yen 102. Mwenye ukumbi anameza hasara mwenyewe. Ikaja korona, na mwezi Agosti 2020 jengo moja maarufu la Sega hapohapo Akihabara likafunga milango. Nilikuwa nimesharudi Bongo, lakini nilipoziona picha za watu wamejazana nje kuliaga, hata chai ilinishinda.

Sasa njooni kwenye kaseti yenyewe. Nilijinunulia Famicom ile ya mwaka 1993, yenye waya wa kawaida wa TV, na gemu linaitwa Dragon Quest III. Hili Wajapani wasikie tu! Lilitoka Jumatano, tarehe 10 Februari 1988, foleni zikazunguka mitaa, wanafunzi wakatoroka shule mpaka polisi wakawakusanya. Baadaye ukazuka uvumi kwamba bunge lilitunga sheria gemu hilo lisitoke siku ya shule. Uzushi mtupu, kampuni yenyewe tu ndiyo iliona aibu. Ziliuzwa zaidi ya milioni 3, kwa hiyo leo haina bei. Mimi nililipa chini ya pesa ya chakula cha mchana.

Uzuri wake kwa mgeni ni kwamba mashine ile haikuwa na ubavu wa kuandika zile herufi ngumu za Kichina. Kila kitu kimeandikwa kwa kana, herufi za watoto wa darasa la kwanza. Nikakaa na daftari. Yadoya, nyumba ya wageni. Buki, silaha. Baada ya miezi mitatu nasoma! Tatizo ni kwamba wafalme wa kwenye gemu wanaongea Kijapani cha kale. Siku nimeagiza kitu kiwandani kwa lugha ileile, mama mmoja wa pale alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kilichoninyima usingizi ni nyuma ya kaseti. Kulikuwa na jina la mtoto, kwa kalamu ya wino mzito, na darasa lake: la tatu, mkondo wa pili. Watoto wa Japani walikuwa na desturi hiyo, maana kaseti zilikuwa zinaazimwa sana. Dragon Quest II ilimlazimu mchezaji kunakili neno la siri lenye herufi mpaka 52, ukikosea moja umekwisha. Hii ya tatu wakaweka betri ndogo ndani, inatunza safari tatu. Nikawasha. Safari ya kwanza ilikuwepo!

Nikamfungua. Shujaa ana jina lake yeye mtoto, ngazi ya 27. Gemu linakuruhusu kuwapa majina wenzako watatu wa safari, na yeye aliweka majina ya watu, nadhani wa darasani. Mmoja wa kike, na huyo ndiye aliyevalishwa nguo za bei mbaya kuliko wote. Kijana alikuwa amezimika, hilo halihitaji mkalimani. Mimi nikaanza safari yangu kwenye nafasi ya tatu, na kila nikizima nashikilia kitufe cha kuanzia upya kama gemu linavyoagiza, nisije nikamfuta mtoto wa watu.

Yuko Mjapani mmoja anayekusanya kaseti zenye majina ili azirudishe kwa wenyewe. Nami nimefikiria sana kumtumia yangu. Mwenyewe sasa atakuwa ana miaka 40 na zaidi. Pengine ndiye yule wa mkoba, nani ajuaye!

Shida ni betri. Ina zaidi ya miaka 30, na ukiing'oa kubadilisha, kumbukumbu yote inaondoka. Ukiiacha, itakufa yenyewe. Fundi wangu wa Kariakoo anasema kipo kifaa cha kunakili safari kwenda kwenye kompyuta kwanza, ndipo betri ibadilishwe. Tumekiagiza China, bado hakijafika. Mdogo wangu kila siku ananibembeleza nimwashie kidogo tu acheze. Nimemwambia aende kwa jirani.