Mtoto Si Tarishi wa Ugomvi Wenu



Sisi tunaoshona nguo za harusi tunasikia mengi wakati wa kupima. Iko kauli moja imetuchosha: "Navumilia kwa ajili ya watoto." Haya, na watoto wanavumilia kwa ajili ya nani?

Mkubwa akikasirika huenda kwao, au hutoka akakaa barazani. Mtoto hana pa kwenda. Hubaki chumbani anasikiliza. Wengine hunyamaza kabisa. Wengine hurudi kukojoa kitandani na umri ushapita. Wengine hugeuka wapatanishi: wanachekesha, wanaosha vyombo bila kutumwa, wakidhani wao ndio sababu. Na sisi tunasifu, "Mwanangu mtulivu huyo!" Ule si utulivu, ni khofu.

Juu ya hayo tunawatwika kazi. "Mwambie baba yako mchele umekwisha." "Mwambie mama yako sina." Mume na mke wamo nyumba moja, tarishi ana miaka 7! Usiku anaulizwa, "Tukiachana utakaa na nani?" Hiyo ni dhulma, tuiite kwa jina lake.

Tutaambiwa vikombe kabatini havikosi kugongana. Kweli, lakini dini haikutuacha gizani. Sura An-Nisaa, aya ya 35, imeagiza waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Watu wazima hao, si mtoto wa chuoni. Na Al-Baqara, aya ya 233, inakataza mama au baba kutiwa taabuni kwa sababu ya mwanawe. Basi tunapata wapi ruhusa ya kumfanya mtoto fimbo ya kumpigia mwenzetu?

Na penye kipigo, msitwambie subira. Sheha yupo, na hospitali ya Mnazi Mmoja kipo Kituo cha Mkono kwa Mkono.

Bibi harusi, kabla hujachagua rangi ya gauni, kaeni na mchumba wako mkubaliane. Tukigombana, sauti itashuka. Mtoto hatatumwa wala hatafanywa shahidi. Ataambiwa wazi, "Si kosa lako." Na akituona tumegombana, atuone pia tunaombana radhi, maana hapo ndipo atakapojifunza kuwa ugomvi una mwisho.

Allah azitulize nyumba zetu. Amin.