Waraka kwa Wafanyabiashara Wenzangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Ndugu zangu na dada zangu wanachama wa chama chetu cha wafanyabiashara,

Ninyi wa Likoni na Mtongwe, wa Kisauni, Mjambere na Bamburi, wa Changamwe, Magongo na Chaani. Wenye maduka na wenye vibanda, wenye gereji na wenye vyerehani, mnaowahi soko la Kongowea kabla ya adhana ya alfajiri na mnaofunga hesabu watoto wamekwisha kulala. Nawaandikia kwa mapenzi na kwa uchungu. Ninyi ni watu wangu, na sitaki maneno haya myasikie kwa mtu wa mbali kabla hamjayasikia kwangu.

Kila mwaka Kaunti ya Mombasa huandaa Mswada wa Fedha, na humo ndimo zilimo ada za leseni zetu, ushuru wa soko, malipo ya mabango na ya kuegesha magari ya mizigo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 196, inalitaka Bunge la Kaunti liwashirikishe wananchi, na kifungu cha 201 kinasisitiza jambo hilo hilo katika mambo ya fedha za umma. Haki hiyo hatukupewa kwa hisani. Wakenya waliipigania miaka mingi. Lakini vikao vya maoni vinapoitishwa, viti vya wafanyabiashara wadogo wa upande wetu wa bara huwa vitupu. Anayekuja ni yule mwenye wakili na mhasibu wa kumwandikia hoja zake. Sheria ikishapita na viwango vikishabandikwa, simu yangu hainyamazi: "Mwenyekiti, chama kiko wapi?" Ndugu zangu, chama ni ninyi. Siku ile kilikuwa dukani kikingoja mteja.

Najua kuacha biashara asubuhi nzima si jambo dogo kwa mtu anayekula alichouza leo. Sikulaumu, dada yangu, kwa kutokuja kila mara. Lakini tulikubaliana kwamba kila mtaa utachagua mmoja wa kwenda kwa niaba ya wengine, na wenzake wamchangie nauli na kumwangalizia kibanda. Makubaliano hayo tumeyaacha yafe kimyakimya, wala hakuna aliyesimama kusema hayamfai. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko kiti kitupu chenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo zito zaidi, nanyi mnivumilie. Kuna mazoea yameingia kati yetu, na tumeanza kuyaita busara. Mkaguzi akipita, mwenye duka humvuta pembeni, noti ikafumbatwa kiganjani, mambo yakaisha. Kesho mkaguzi hurudi, maana ameshajua njia. Kiwango hupanda. Akitoka hapo humwendea jirani, na jirani asiye na noti hiyo ndiye mkokoteni wake hupakiwa kwenye lori, nyanya zikaozea huko zilikopelekwa. Tuambiane ukweli: yule aliyetoa amejinunulia siku moja ya utulivu, na aliyeilipia ni mama wa kibanda cha pili. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji kama mpokeaji, lakini hata kama sheria hiyo isingekuwepo, sisi tuliapa kuwa walinzi wa wenzetu.

Madhara hayaishii hapo, na hili naomba mlitafakari kwa utulivu. Kiongozi wenu anaposimama mbele ya kamati ya Bunge la Kaunti kusema ada zimetulemea, swali la kwanza analoulizwa ni hili: mnalipa nini, mara ngapi, na ushahidi uko wapi? Machozi hayawekwi kwenye kumbukumbu za kamati. Karatasi huwekwa. Mwenye duka akinipa risiti zake za mwaka mzima, ninaweza kuonyesha kwamba leseni, ukaguzi wa moto, kibali cha afya na bango, vikijumlishwa, vimemmaliza kabla hajalipa kodi ya nyumba. Wanachama wengi wa mtaa mmoja wakinipa risiti zao, hoja hiyo haipuuzwi kwa urahisi. Fedha iliyopita kiganjani haina risiti, kwa hiyo katika maandishi ya serikali haikutoka mfukoni mwako, na mzigo wako haupo. Tena hazina ya umma inapokosa mapato iliyoyatarajia, jambo jepesi kwa wapangaji ni kuwaongezea ada wale wale wachache wanaolipa kihalali. Hivyo anayekwepa humpandishia ndugu yake, kisha wote wawili hulalamika pamoja.

Angalieni mfano wa Kongowea. Lori la vitunguu au ndizi linaloingia soko lile limekwisha kupita kaunti nyingine njiani, na mara nyingi limetozwa ushuru wa mazao zaidi ya mara moja. Kifungu cha 209 cha Katiba, ibara ya tano, kinakataza kaunti kutumia uwezo wake wa kutoza kwa namna inayodhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti. Hoja hii ni yetu wachuuzi kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu bei ya tozo hizo hatimaye hulipwa na mama mboga wa Mtopanga na mteja wake. Lakini haijengwi kwa hasira. Hujengwa na madereva na wanunuzi watakaohifadhi stakabadhi za kila kizuizi, kwa tarehe na kwa kiasi, mpaka pawe na faili la kubeba.

Wapo wanaosema chama cha wafanyabiashara ni cha wakubwa wa kisiwani, na sisi wa upande wa bara ni wa kujaza orodha tu. Nawaelewa. Kivuko cha Likoni peke yake hutosha kumfanya mtu ajione yuko mbali na kila ofisi. Hata hivyo kumbukeni chimbuko letu. Kabla ya 1965 nchi hii ilikuwa na vyama vitatu vya wafanyabiashara: cha Wazungu, cha Waasia na cha Waafrika, kila kimoja na mlango wake. Mwaka huo viliunganishwa vikawa chama kimoja cha kitaifa, ili mwenye ghala na mwenye meza ya samaki wawe na haki ya kuketi pamoja. Ikiwa leo meza hiyo ina pengo upande wetu, dawa yake ni kukaa kwenye nafasi yetu. Chama hutoa cheti cha kawaida cha asili ya bidhaa kwa anayeuza nje, tena humfundisha mgeni wa biashara namna ya kuweka vitabu na kukabili benki. Wangapi kati yenu wa Likoni mnaonunua na kuuza kupitia Lunga Lunga na Horohoro mnajua kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa forodha kwa shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000, ikiwa bidhaa ni za nchi wanachama na zimo katika orodha iliyokubaliwa? Wengine bado huwalipa watu wa kati wawavushie kitu ambacho wangejaza fomu wenyewe. Maarifa hayo hutolewa mikutanoni, na mikutanoni hamji.

Wanaodhani sauti ya pamoja ni maneno matupu, nawaomba waikumbuke reli. Agosti 2019 ilipotolewa amri kwamba mizigo yote ya kwenda Nairobi na bara ya mbali ipakiwe kwenye reli ya SGR na kutolewa forodhani huko, nani hakuiona Changamwe ikinyauka? Malori yalisimama. Waliokuwa wakitengeneza magurudumu, kupika wali wa madereva, kuuza vipuri na kukodisha vyumba Magongo na Miritini walibaki wakitazamana. Mawakala wa forodha, wenye malori, wafanyakazi wao na wanaharakati waliingia barabarani, Jumatatu baada ya Jumatatu, kwa amani, wakidai mji wao. Wengine walikwenda mahakamani. Novemba 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba amri ile ilikiuka Katiba, na moja ya sababu zake ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa. Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudi Mombasa. Miaka mitatu ilipita, na wapo waliofunga kabisa na hawajarudi. Siwezi kulisema hilo bila kuinamisha kichwa. Lakini fikirini: haki ile ile ya kushirikishwa iliyoangusha amri kubwa vile ndiyo tunayoiachia vumbi kila Mswada wa Fedha unapoletwa Mombasa.

Jambo la mwisho nitalisema kwa ufupi, maana linatia aibu. Sheria ya ununuzi ya 2015 na mpango wa AGPO vimewatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Tumesikia, tena si mara moja, juu ya vyeti vinavyokodishwa: jina ni la binti wa Kisauni, kazi na faida ni za mtu mwingine, naye binti huambulia bahasha ndogo na deni la kodi asilolijua. Mwanachama anayefanya hivyo anamnyang'anya mtoto wa mwenzake. Anayekodisha cheti chake naye namsihi, kwa upole, akirudishe mikononi mwake na aje tumwonyeshe namna ya kuomba kazi mwenyewe, hata kama itaanza na kusambaza sabuni za shule moja.

Basi nawaomba haya, nami nayaomba nikiwa na imani kwamba hamjabadilika, mmechoka tu. Kaunti hutakiwa kuwasilisha mkakati wake wa fedha kwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mswada wa Fedha hufuata. Tusingoje mswada. Kila mtaa urudie kumchagua mwakilishi wake kabla ya mwezi huu kwisha na uniletee jina lake kwa maandishi. Kila mwanachama aanze leo kuhifadhi risiti ya kila malipo, ya kaunti na ya taifa, hata ile ndogo ya choo cha soko. Akiombwa fedha bila risiti, asigombane wala asitoe. Aandike siku, saa na mahali, na amwite mwenzake wa kibanda cha jirani awe shahidi. Aliyeshindwa kulipa ada ya uanachama asijifiche. Amwone mweka hazina, tutapanga alipe kidogo kidogo, na jina lake halitafutwa.

Risiti hizo, wa Changamwe na wa Kisauni mtazikusanya kwa wawakilishi wenu. Wa Likoni msivuke feri kwa ajili hiyo; tutakuja kwenu sisi, tukiwa na daftari na mashine ya kunakili, na tutakaa mpaka wa mwisho ahudumiwe.

Ndugu yenu katika utumishi,
Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wa bara